"Utajua Ukifika" Ndiyo Inayotumaliza

Kuna maneno mawili yanayosemwa sana hapa Songea kila ifikapo Juni, na mimi yamenichosha: utajua ukifika.

Mtu kapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Furaha nyumbani, mama kapiga vigelegele, wajomba wameanza kumwita msomi. Kisha anakwenda kwa waliomtangulia, anauliza: jamani, nisome nini kabla ya kwenda? Utajua ukifika. Anamuuliza mkuu wake wa kazi. Wewe nenda tu, utajua ukifika. Anarudi kwenye barua ya udahili aliyotumiwa. Humo kuna kila kitu: picha za pasipoti, fomu ya kupimwa afya, vyeti halisi na nakala zake, namba ya kulipia ada, tarehe ya mwisho ya kulipia ada, na onyo kwa asiyelipa ada. Kuhusu kitabu gani akifungue, au hesabu gani azikumbuke, hakuna hata mstari mmoja. (Barua nilizoonyeshwa mimi sitasema zilitoka wapi. Ugonjwa huu hauna chuo kimoja.)

Basi anakaa. Anavuna mahindi, anapukuchua, anauza magunia ili apate ada, anaota moto maana baridi ya Matogoro kipindi hiki haina mchezo, anasubiri vyuo vifunguliwe. Miezi minne, mitano inapita hivyo hivyo. Halafu anapanda basi alfajiri, anakula vumbi la mji mkubwa, na wiki ya tatu darasani anakutana na baiostatistiki uso kwa uso. Hapo ndipo anapojua. Kweli kafika na kweli kajua, ila kajua kwa kuzama.

Mimi nasema huu ni uzembe, na sisemi ni uzembe wa mwanafunzi peke yake. Ni uzembe wetu sote tunaojifanya tunawapeleka watu kusoma kwa niaba ya mkoa.

Najua mtu ataniuliza: wewe mwandishi wa habari inakuhusu nini? Wewe si kazi yako ni kufuata ziara za viongozi na kupiga picha jiwe la msingi? Inanihusu sana, ndugu yangu. Hawa wanaokwenda sasa hivi ndio watakaorudi na kukaa kwenye timu za afya za halmashauri. Wengine watakuwa waganga wakuu wa wilaya. Ndio watakaoamua Namtumbo ipeleke fedha kwenye jenereta au kwenye pikipiki ya chanjo, ndio watakaoandika mpango wa afya wa Tunduru, ndio watakaotuletea sisi namba kwenye mikutano ya waandishi. Kama mtu alitumia muhula wake wa kwanza wote kujiokoa asifeli badala ya kujifunza, atakaporudi tutamlipa mshahara na wagonjwa watalipa gharama nyingine.

Hebu tuangalie wenzetu. Marekani na Ulaya vyuo vinafunguliwa Agosti au Septemba, na miezi ya Juni hadi Agosti kwao ni kiangazi. (Kwetu ni kipupwe, tuwaachie na kiangazi chao.) Shule nyingi za afya ya jamii huko, nchi ambayo shule yake ya kwanza kubwa ya fani hii ilianzishwa Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1916, hazimwachi mwanafunzi mpya akae bure katika miezi hiyo. Zinamtumia orodha ya vitabu. Zinampa mazoezi ya hesabu ayafanye nyumbani. Nyingine zina siku kadhaa za kufufua hesabu kabla muhula haujaanza, pamoja na kumwonyesha programu za kompyuta atakazotumia. Kwa nini? Si kwa sababu wana huruma sana. Ni kwa sababu wameona kwamba darasa la uzamili wa afya ya jamii linachanganya watu wa kila aina: daktari, muuguzi, afisa afya mazingira, mtu wa maabara, mtu wa sosholojia. Mmoja alifanya hesabu mwaka jana, mwingine aliagana nazo kidato cha nne na aliagana nazo kwa furaha. Ukiwaweka wote kwenye chumba kimoja siku ya kwanza na kuanza kuandika alama za Kigiriki ubaoni, nusu wamekwenda na maji.

Na kwetu mchanganyiko ni ule ule. Nenda Muhimbili, chuo kilichoanza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, nenda KCMC kule Moshi, nenda Bugando kule Mwanza: wanaosoma uzamili wa afya ya jamii si madaktari watupu. Tofauti ni kwamba muuguzi wa zahanati ya Ruvuma ana mzigo mwingine juu ya huo. Amekaa miaka sita, saba kazini. Lugha ya kazi yake ni Kiswahili, na akitoka nje ya chumba cha chanjo ni Kingoni, Kimatengo au Kiyao. Anakwenda kusoma kwa Kiingereza. Kompyuta aliyozoea ni ile ya ofisini inayotumiwa na watu wanane. Huyu ndiye anayehitaji maandalizi kuliko yule kijana wa Baltimore, na huyu ndiye anayeambiwa utajua ukifika!

Sasa kuna ndugu zangu wanaodhani maandalizi maana yake ni Kiingereza tu. Wanamtafutia mtu mwalimu wa masomo ya jioni, anafundishwa nyakati na vihusishi, wanaona kazi imekwisha. Sibishi kwamba Kiingereza kinasumbua. Lakini nimeona watu wenye Kiingereza cha redioni wakishindwa kueleza tofauti ya namba mbili rahisi kabisa, na tofauti hiyo ndiyo roho ya somo lenyewe.

Nitoe mfano wa jirani. Njombe. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2016-17 ulionyesha watu wazima wenye virusi Njombe ni asilimia 11.4. Utafiti wa 2022-23 ukaonyesha asilimia 12.7. Mtaani na magazetini ikawa: Njombe maambukizi yanapanda! Taratibu. Hiyo asilimia inahesabu wote wanaoishi na virusi, wa zamani na wapya. Dawa zikifanya kazi, watu hawafi, wanabaki wanahesabiwa mwaka hadi mwaka. Namba inaweza kupanda huku maambukizi mapya yakishuka. Na kwa nchi nzima utafiti ule ule wa 2022-23 ulikadiria maambukizi mapya kama 60,000 kwa mwaka, wakati ule wa kwanza ulisema kama 81,000. Kwa hiyo swali la "wangapi wanao" na swali la "wangapi wamepata mwaka huu" ni maswali mawili, yanahitaji namba mbili, na yanaleta bajeti mbili tofauti. Moja inakuambia ununue dawa kiasi gani. Nyingine inakuambia kama kinga yako inafanya kazi. Jambo hili unaweza kulielewa ukiwa umekaa kwenye kigoda unapukuchua mahindi. Halihitaji Upanga. Lakini ukilikuta kwa mara ya kwanza darasani, kwa Kiingereza, katikati ya mambo mengine kumi, linakupita.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Umeona? Kutoka 556 hadi 104. Imetajwa majukwaani, imepigiwa makofi. Wakati huo huo makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2023 yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Nani mwongo?

Si lazima kuwe na mwongo. Kifo cha mama ni tukio adimu ukilinganisha na wingi wa kaya, kwa hiyo utafiti wa kaya huuliza watu kuhusu dada zao waliozaliwa tumbo moja, nani yu hai, nani kafa, kafa lini, alikuwa mjamzito au la. Jibu halihusu mwaka mmoja, linahusu miaka kadhaa kabla ya utafiti. Kila namba inayotoka ina kiwango cha chini na cha juu ambamo ukweli unaweza kuwa, na kiwango hicho kwa vifo vya uzazi ni kipana. Umoja wa Mataifa nao wanachukua vyanzo vingi na kuvichanganya kwa kanuni zao. Mwanafunzi aliyejiandaa anasoma namba hizi tatu anaanza kuuliza: mlihesabu kifo gani, cha kipindi gani, mlimuuliza nani? Asiyejiandaa anachagua inayompendeza mkuu wake. Na huyo wa pili ndiye anayerudi kutuandikia mipango.

Sasa njoo nyumbani kwetu kabisa. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa mahindi. Msimu kama huu malori yanapanga foleni. Na bado utafiti wa 2022 ulionyesha watoto wa Ruvuma wenye udumavu ni asilimia 35.6, wakati taifa zima ni 30. Mwaka 2015-16 tulikuwa asilimia 44, kwa hiyo tumeshuka, tusijinyime haki hiyo. Lakini mkoa unaolisha wengine, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu ni mfupi kuliko umri wake. Hili si swali la mtihani? Ni uji wa mahindi matupu? Ni mama kushinda shambani? Ni maji? Ni kuuza kila gunia ili kulipa madeni? Mtu anayetoka Mbinga au Madaba ana jawabu la kuanzia ambalo profesa hana. Alipaswa kwenda chuoni na swali hili mfukoni, limeandikwa, lina ukurasa mmoja. Badala yake anakwenda mikono mitupu, na ikifika wakati wa tasnifu anachukua mada aliyoikuta kwenye rafu ya maktaba, ambayo ilishafanywa na watu wengi kabla yake, kwenye hospitali ile ile ya jijini.

Najua mnachotaka kusema. Hatuna intaneti ya uhakika, vitabu bei mbaya, sisi si Baltimore. Sawa kabisa. Ndiyo maana nataka kusema kitu ambacho naona hakisemwi: maktaba bora ya kumwandaa mwanafunzi wa afya ya jamii iko kwenye zahanati yake mwenyewe, na ni bure. Inaitwa MTUHA.

Wafanyakazi wa afya wanacheka hapa, maana kwao MTUHA ni adhabu. Vile vitabu vikubwa vya kujaza kila siku. Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 12 cha wanaojifungua. Mwisho wa mwezi unakaa na kalamu unahesabu vijiti, unajaza ripoti, ripoti inakwenda wilayani, inaingizwa kwenye kompyuta kwenye ule mfumo wa DHIS2 ambao nchi nzima inautumia tangu 2013 hivi. Mfumo wenyewe wa MTUHA una miaka zaidi ya 30. Na watu wanaujaza miaka yote hiyo bila kuambiwa kwamba wanachokifanya, kile kuhesabu vijiti, ndiyo epidemiolojia yenyewe ikiwa bado mbichi.

Hebu nimpe kazi huyo anayesubiri Oktoba. Omba ruhusa kwa mfawidhi wa kituo chako. Chukua mwezi mmoja tu. Hesabu wagonjwa wa malaria kwenye kitabu. Kisha angalia karatasi ya vijiti inasema wangapi. Kisha ripoti ya mwezi inasema wangapi. Zikifanana zote tatu, hongera, una kituo cha ajabu. Zisipofanana, uliza kwa nini. Je, kuna siku muuguzi alikuwa peke yake? Je, kuna mgonjwa aliyerudi mara mbili akahesabiwa wawili? Je, kipimo kiliisha wakaandika "homa"? Ukimaliza zoezi hilo umeshajifunza sura nzima ya kitabu kuhusu ubora wa takwimu. (Na tafadhali, yale majina ni siri za watu. Hesabu, usipige picha. Hilo nalo ni somo, lina jina lake chuoni: maadili ya utafiti.)

Halafu nenda kwenye chanjo. Umewahi kusikia kituo kimefikisha chanjo zaidi ya asilimia 100? Mimi nimesikia, na waliohudhuria walipiga makofi. Unawezaje kuchanja watoto wengi kuliko waliopo? Kumbuka sehemu za darasa la nne: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Kiasi ni watoto waliochanjwa, umewahesabu kwa macho. Asili ni watoto wanaodhaniwa wapo, na hiyo inatoka kwenye sensa kwa makadirio. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,848,794 mkoa mzima, lakini kukadiria watoto wa mwaka mmoja katika kijiji kimoja cha Nyasa kando ya ziwa, ambako wavuvi wanahama na dagaa, ni kazi nyingine. Je, kuna akina mama wanaotoka kijiji cha pili au ng'ambo ya mpaka kuja kuchanjisha kwako? Asili ikiwa ndogo kuliko ukweli, asilimia inapaa. Na hatari yake ni nini? Ofisini wanaona 108, wanasema pale pako vizuri, peleka nguvu kwingine. Huku kuna kitongoji cha mwisho hakijaona chanjo. Nani atakijua hicho kitongoji kama si yule aliyekijua kabla ya kwenda kusoma?

Hesabu zenyewe wala si za kutisha. Chukua mfano wa kubuni (wa kubuni, msije mkanipigia simu mkiuliza ni harusi ya nani). Kwenye sherehe kuna watu 90. Waliokunywa togwa ni 50, wakaugua 30. Ambao hawakunywa ni 40, wakaugua 6. Thelathini kwa hamsini ni asilimia 60. Sita kwa arobaini ni asilimia 15. Gawanya 60 kwa 15 unapata 4: waliokunywa togwa waliugua mara nne zaidi ya ambao hawakunywa. Basi! Umechora jedwali la safu mbili kwa mbili ambalo litakufuata hadi siku ya kutetea tasnifu. Ukitaka kujikaza zaidi, jiulize kama waliokunywa togwa ndio hao hao waliokula wali wa jana. Hapo umeingia chumba cha ndani kabisa cha somo na hujalipa ada.

Na msidhani mambo haya ni ya kigeni kusini kwetu. Mwaka 1952 na 1953, kule Newala kwenye uwanda wa Makonde, watu waliugua homa ya ghafla na viungo vikawauma hadi wakajikunja. Madaktari waliokwenda kuchunguza walipita vijijini, wakahesabu kaya, wakauliza nani alianza, wakachukua damu. Taarifa zikachapishwa mwaka 1955, na ugonjwa ukabaki na jina walilolikuta kwa wenyeji, neno la Kimakonde: chikungunya. Leo mtu anaumwa India, anaumwa Brazil, daktari wake anatamka Kimakonde bila kujua. Elimu ya dunia iliokotwa hapa Mtwara, nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa daftari, kalamu na maswali. Halafu sisi tunamwambia kijana wetu asubiri afike mjini ndipo ajue.

Nirudi kwa wakosefu maana sijamaliza.

Ofisi za waajiri. Mtumishi kaomba ruhusa ya masomo mapema. Faili linatembea polepole kuliko lori la mahindi kwenye mlima. Linakaa kwa afisa utumishi, linakwenda juu, linarudi linatakiwa kiambatisho, linakwenda tena. Ruhusa inatoka wiki ya mwisho, nyingine inatoka vyuo vimeshafungua. Mtu katika hali hiyo atasoma nini? Miezi yote minne kichwa chake kilikuwa kwenye faili. Mnataka wataalamu, na bado mnamwachia mtaalamu mtarajiwa siku tatu za kufunga begi. Mngempa jibu Julai, ndiyo au hapana, mngekuwa mmemfundisha nusu ya muhula.

Vyuo. Sidai mjenge mabweni mapya. Nadai karatasi moja. Kwenye ile barua yenye onyo la ada ongezeni ukurasa: soma sura hizi, fanya mazoezi haya, pakua programu ya R ambayo haina malipo, jaribu kuingiza humo jedwali hili dogo tulilokuambatanishia. Ripoti za tafiti za Demografia na Afya zinapakuliwa bure, mtu anaweza kuzisoma kwenye simu akiwa stendi. Mwambieni tu kwamba zipo na asome ukurasa upi! Na kama mna mhadhiri mwenye moyo, siku tano kabla ya muhula za kufufua hesabu za kidato cha nne hazitaiangusha serikali.

Halafu wale ambao kwa kweli wananikera kuliko wote: waliokwisha kusoma. Ndiyo, ninyi. Mpo hapa hapa Songea, mpo hospitali ya mkoa, mpo Peramiho, mpo kwenye miradi yenye magari meupe. Mna madaftari, mna mitihani ya nyuma, mna vitabu mlivyotoa kivuli. Vimelala kwenye sanduku chini ya kitanda vinaliwa na mchwa. Kijana akija mnamwambia utajua ukifika, na mnalisema kwa tabasamu, kama watu waliotoka jando wanaowaficha wadogo zao mambo ya porini. Afya ya jamii haikuwekwa iwe siri ya ukoo. Mliteseka, tunajua. Lakini mateso yenu si sehemu ya mtaala.

Nimesikia pia hoja kwamba mtu mzima, mwenye shahada, hapaswi kushikwa mkono, ajitafutie. Hoja hii huletwa na watu walioshikwa mkono. Aliyezaliwa Dar es Salaam ana binamu aliyesoma, ana jirani mhadhiri, anaweza kwenda Upanga kwa daladala akauliza. Aliyeko Tunduru yupo zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapa Songea tu, na kutoka hapa hadi Dar ni siku nzima ndani ya basi. Kumwambia ajitafutie ni kumwambia Dar ishinde tena.

Kwa hiyo naleta pendekezo, na silileti kwa kupiga magoti. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa inawajua wanaoomba ruhusa, maana majina yanapita kwake. Wakishajulikana, wapewe wiki mbili, Agosti, wakae na waratibu wa MTUHA wa halmashauri zao. Wafunguliwe DHIS2, waonyeshwe namba zinaingiaje na zinaharibikaje. Kila mmoja atoke na ukurasa mmoja wa swali la kwao: udumavu Mbinga, kina mama wanaojifungulia nyumbani Namtumbo, kichocho kando ya ziwa, chochote. Gharama yake ni nauli na chai. Tumeshaona semina za gharama kubwa kuliko hiyo zikifunguliwa, zikafungwa, na mabango yake yakageuzwa mapazia.

Na wale wenye madaftari chini ya kitanda: Jumamosi asubuhi maktaba ya mkoa ina meza na viti. Saa tatu hadi saa sita, Jumamosi nane, kuanzia Julai. Wawili wakianza, mmoja hesabu, mmoja kusoma makala za kitafiti kwa Kiingereza, inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Mimi nitatangaza bila malipo, na nitakuja kukaa nyuma na daftari langu, maana waandishi wa habari nao wanazihitaji hizo hesabu. Kuna siku gazeti moja la nchi hii liliandika ugonjwa umeongezeka kwa asilimia 100, kumbe kutoka mgonjwa mmoja wamefika wawili.

Kuna muuguzi wa Lizaboni anaondoka mwaka huu. Mahindi yake ameshauza, ada ya muhula wa kwanza anayo, ruhusa anaisubiri. Ananiuliza kama namjua mtu mwenye kitabu cha baiostatistiki cha kuazima hadi Septemba. Mwenye nacho aniandikie, nitakifuata mwenyewe kwa bodaboda.